Nyumba ya Mikono Yako: Historia ya Kuhamia na Kujenga Kasese na Bwera



Neno "nyumba" ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa. Hata hivyo, ni wachache wanaopata kuulizwa nyumba hujengwaje, nani huijenga, na nini humpa mtu haki ya kuijenga pale alipoijenga. Katika somo hili la historia na uraia nakualika tufike magharibi mwa Uganda, katika wilaya ya Kasese, hadi Bwera, mji mdogo ulio jirani na mpaka wa Kongo. Tutaitazama historia ya eneo hilo kwa njia ya kazi ambazo mtu huzifanya mwenyewe anapohamia shambani: kusimamisha nguzo, kukandika ukuta, kuezeka paa, kuchimba choo na kuvuta maji hadi mlangoni.

Hoja nitakayoitetea ni hii: watu wa Kasese hawajapata kukosa ufundi wa kujenga. Walichokikosa mara kwa mara ni uhakika wa kubaki pale walipojenga. Basi yeyote anayetaka kutulia shambani, iwe huko au kwingineko, hana budi kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kazi ya mikono na historia ya ardhi anayoikanyaga.

Nchi kati ya theluji na maziwa

Wilaya ya Kasese imelala kati ya milima na maziwa. Upande mmoja imesimama milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, hufikia mita 5,109 na huwa na theluji ingawa mstari wa ikweta hupita karibu. Upande wa pili yapo maziwa ya George na Edward, yaliyounganishwa na mkondo wa Kazinga. Kutoka milimani hushuka mito mingi. Ikumbuke minne, kwa maana tutakutana nayo tena: Nyamwamba, unaopita Kilembe na kuingia mji wa Kasese, Mubuku, Nyamughasana, na Lhubiriha, ulio karibu na Bwera na ambao kwa sehemu ndio mpaka wa Uganda na Kongo.

Wakazi wengi wa miteremko hiyo ni Wakonzo, na lugha yao huitwa Lhukonzo. Ng'ambo ya mpaka wapo ndugu zao, Wanande, ambao lugha yao ni karibu ileile. Katika nyanda za chini wamo pia Wasongora, ambao kwa asili ni wafugaji, pamoja na Watoro, Wakiga na wengineo. Mpaka unaowatenga Wakonzo na Wanande ulikubaliwa na wakoloni wa Ulaya mwaka 1910. Tangu hapo ndugu wa damu moja wamekuwa raia wa nchi mbili, na sokoni Mpondwe, penye kivuko cha mpaka karibu na Bwera, Kiswahili kimekuwa mojawapo ya lugha za kuelewana bei.

Waliohamishwa kabla ya kuhamia

Ukipita leo katika barabara inayotoka Kasese kwenda Bwera, utaona nyika pana isiyo na nyumba. Mgeni hudhani kwamba nchi hiyo ilikuwa tupu siku zote. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kando ya maziwa, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka mwambao wa George na Edward. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya nyika hiyo ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, kwa jina la Kazinga. Miaka miwili baadaye Malkia Elizabeth wa Uingereza alizuru Uganda, na hifadhi ikapewa jina lake, ambalo inalo mpaka leo. Vijiji vichache vya wavuvi na wachimba chumvi, kama vile Katwe, vilibaki ndani ya hifadhi kama visiwa.

Upande wa juu nako kukafungwa baadaye. Mwaka 1991 milima ya Rwenzori ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hatua hizo zimelinda misitu na vyanzo vya maji, nazo ni za thamani. Lakini ziangalie kwa macho ya mjenzi. Mianzi, ambayo kwa vizazi vingi ilikatwa msituni kwa kazi za ujenzi na ususi, sasa imo ndani ya mpaka wa hifadhi, na kuichukua kunahitaji ruhusa na mapatano. Ardhi ya kulima na kujenga imebaki ukanda mwembamba kati ya hifadhi mbili, moja juu na moja chini. Hii ndiyo sababu utaona mashamba ya kahawa na mihogo yamepanda miteremko mikali, na nyumba zimeng'ang'ania ubavu wa mlima mithili ya viota.

Nyumba ya fito na udongo

Tuingie sasa katika ufundi wenyewe, kwa maana hapa Kiswahili kina utajiri wa maneno ambao mwanafunzi hapaswi kuukosa.

Zamani nyumba za Wakonzo zilikuwa za duara, zilizoezekwa kwa nyasi au majani ya migomba. Nyumba ya pembe nne ilienea baadaye, lakini namna ya kuinua ukuta haikubadilika sana: miti, fito, kamba na udongo. Ukuta wa namna hii huitwa kiwambaza, na kazi ya kuujaza udongo huitwa kukandika.

Kazi huanza kwa kiwanja. Mlimani hakuna tambarare, hivyo mjenzi huchimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini hadi apate uwanja. Hapo wengi hukosea kwa kuharakisha. Udongo uliomwagwa ni laini, nao hautafaa kubeba nyumba mpaka ushindiliwe na kutulia. Ni heri nyumba isimame juu ya ardhi iliyochimbwa, na ile iliyomwagwa iachwe iwe ua. Ukuta wa mlima uliokatwa nyuma ya nyumba nao usisogezwe sana, kwani mvua za masika huweza kuuporomosha usiku. Juu yake huchimbwa mtaro wa kuyapeleka maji pembeni kabla hayajafika nyumbani.

Baada ya kiwanja huja nguzo. Siku hizi nyingi ni za mkaratusi, mti wa kigeni unaokua upesi. Adui mkubwa wa nguzo ni mchwa. Dawa ya kale, ambayo bado hutumika, ni kuiunguza juujuu sehemu itakayozikwa ardhini mpaka iwe nyeusi. Nguzo zikishasimama, juu yake hulazwa mti mrefu uitwao mtambaapanya. Litazame neno hilo: kutambaa na panya. Waswahili waliona kwamba boriti hiyo ndiyo njia ya panya wa nyumba, wakaipa jina hilo. Juu ya mtambaapanya husimama kombamoyo, yaani miti inayobeba paa.

Zingatia utaratibu unaofuata, kwa maana humshangaza mtu aliyezoea nyumba za matofali: paa hutangulia ukuta. Nyumba huezekwa kwanza, ndipo udongo ukandikwe chini ya kivuli chake. Sababu yake ni rahisi. Udongo mbichi ukinyeshewa hutiririka, na ukipigwa na jua kali hupasuka. Chini ya paa hukauka polepole. Upenu nao, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, huachwa mpana, kwa kuwa maji ndiyo yanayoua nyumba ya udongo, na upenu ndio mwavuli wake.

Udongo wenyewe huchimbwa karibu, hutiwa maji na nyasi zilizokatwakatwa, kisha hukanyagwa kwa miguu. Hulazwa usiku mmoja au zaidi ili maji yapenye kila bonge. Siku ya kukandika, watu wawili husimama, mmoja ndani na mmoja nje, wakibandika madonge ya udongo katikati ya fito mpaka yakutane. Ukuta ukikauka hupata nyufa. Hilo si kosa, ni tabia ya udongo. Nyufa hujazwa katika mkono wa pili, kisha ukuta husilibwa kwa udongo laini, wakati mwingine uliochanganywa na majivu au samadi ya ng'ombe. Kila mwaka baada ya mvua ukuta huhitaji kukaguliwa. Methali isemayo "usipoziba ufa utajenga ukuta", ambayo darasani huifafanua kwa maana ya maisha, katika nyumba ya udongo ina maana ileile ya maneno yake.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Kukanyaga udongo, kubeba maji na kukandika huwakusanya ndugu na majirani, na mwenye nyumba huwapikia. Katika nchi zetu desturi hiyo ina majina mengi: Watanzania husema msaragambo, Wakenya harambee, Waganda bulungi bwansi, na ng'ambo ya Lhubiriha, Kongoni, husikika neno salongo. Mgeni anayejengewa kwa mikono ya majirani hupata zaidi ya ukuta. Hupata mashahidi: watu watakaoweza kusema kesho kwamba walikuwapo siku nguzo yake ya kwanza iliposimamishwa. Jambo hilo liweke akilini, tutalirudia.

Wako wanaoidharau nyumba ya fito wakiiita ya maskini. Historia inawataka wafikiri tena. Kasese imo katika Bonde la Ufa, na ardhi yake hutikisika. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko kubwa liliipiga nchi ya Toro na sehemu jirani za Kongo. Zaidi ya watu mia moja walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Februari 1994 lilitokea jingine. Ukuta wa fito hunesa, na hata ukipasuka vipande vyake ni vyepesi. Ukuta mzito wa matofali yasiyofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege ndio unaoanguka kwa kishindo juu ya waliolala. Simaanishi kwamba matofali ni mabaya. Namaanisha kwamba anayejenga kwa matofali katika nchi ya matetemeko ameingia katika elimu nyingine, nayo ina masharti yake.

Mgodi, reli na mabati

Mwaka 1956 ulibadilisha sura ya bonde. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka huo, na mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza kutoa mali. Shaba ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya reli hiyo, na Kilembe ikawa na nyumba za kampuni zilizopangwa kwa safu, zenye umeme na maji ya bomba, kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka sehemu nyingi.

Nyumba ya kampuni ilikuwa kinyume cha nyumba ya fito. Ilikuwa imara na nzuri, lakini aliyekaa ndani yake hakuijenga na hakuimiliki. Alikuwa nayo kwa kadiri alivyokuwa na kazi. Mgodi ulifungwa mwaka 1982, na wengi waliokuwa wakiutegemea mshahara wake wakalazimika kuanza upya, ama kwa kurudi walikotoka, ama kwa kutafuta kipande cha ardhi jirani.

Katika miaka ya 1960 serikali ilianzisha pia mpango wa kilimo cha umwagiliaji huko Mubuku, katika tambarare kavu iliyo kaskazini mwa mji wa Kasese. Familia zilipewa mashamba, na maji yakaletwa kwa mifereji. Huu ulikuwa uhamiaji wa aina yake: serikali ilitoa ardhi na maji, na mlowezi akaleta jembe na jasho. Mpango huo ungalipo, nao ni ushahidi kwamba kazi ya mikono hustawi zaidi inapokuta msingi uliowekwa na umma.

Kutoka zama hizo mabati yalienea hadi vijijini. Bati lina kelele wakati wa mvua na joto wakati wa jua, lakini lina faida ambayo nyasi hazina: huvuna maji. Saruji nayo hutengenezwa wilayani humohumo, katika kiwanda cha Hima. Hata hivyo, kiwanda kuwa jirani hakumaanishi kwamba mfuko wa saruji ni rahisi kwa mkulima. Ndiyo maana wengi hujenga kwa awamu: mwaka huu fito na udongo, mwaka ujao sakafu ya saruji, baadaye lipu nje ya ukuta, na kahawa ikileta bei nzuri, matofali ya kuchoma. Nyumba ya shambani haijengwi mara moja. Hukua pamoja na wenyewe.

Miaka ya kukimbia na kurudi

Historia ya siasa ilizibomoa nyumba nyingi kuliko mvua. Chini ya ukoloni Wakonzo waliwekwa ndani ya ufalme wa Toro, na malalamiko yao ya kubaguliwa yaliongezeka uhuru ulipokaribia. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza kujitenga kwao kwa jina la Rwenzururu. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mapigano. Nyumba zilichomwa, na watu wakapanda milimani, wakajenga huko tena kwa miti, fito na udongo. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akarithi uongozi. Agosti 1982 wapiganaji waliweka silaha chini kwa makubaliano na serikali, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ikautambua rasmi ufalme wa Rwenzururu kama taasisi ya utamaduni.

Watu waliposhuka, walikuta mabonde yamebadilika. Wengine walikuta mtu mwingine amejenga katika kiwanja cha baba yao. Wengine hawakuwa na karatasi yoyote, wala mzee aliyekuwa hai wa kuthibitisha mipaka.

Kisha, tarehe 13 Novemba 1996, waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo na kushambulia Mpondwe na maeneo ya Bwera. Katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya watu wa Kasese na Bundibugyo waliyahama makazi yao na kuishi kambini. Usalama uliporejea, walirudi wakakuta kuta za udongo zimeyeyuka kwa mvua, kwa kuwa nyumba isiyo na mtu wa kuziba nyufa zake haidumu. Jeraha hilo lilitoneshwa tena mwezi Juni 2023, wanafunzi wa shule ya sekondari huko Mpondwe waliposhambuliwa usiku na zaidi ya watu 40 wakauawa.

Nimeyataja haya ili uelewe jambo moja unapomwona mzee wa Bwera akikandika ukuta. Huenda ni nyumba yake ya tatu au ya nne. Ufundi wake ameupata kwa kulazimika.

Mto unapoidai njia yake

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika. Maji yalishuka na mawe makubwa, yakavunja madaraja na nyumba katika bonde la Kilembe, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Miaka saba baadaye, Mei 2020, mito ile minne niliyokuomba uikumbuke ilifurika kwa pamoja: Nyamwamba, Mubuku, Nyamughasana na Lhubiriha. Makumi ya maelfu ya watu waliathirika. Baadhi ya familia zilipelekwa Muhokya, nazo zikakaa kambini kwa miaka, zikingoja mahali pa kujenga.

Waliokuwa kando ya mto hawakuwa wajinga. Kumbuka ramani tuliyoichora: hifadhi juu, hifadhi chini, ukanda mwembamba katikati. Ardhi ya kando ya mto ni tambarare, ina rutuba, maji yako karibu, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Sheria ya mazingira ya Uganda hutaka ukanda usioguswa kando ya mto, mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa katika kanuni na mita 30 kwa mingine. Lakini sheria iliyoandikwa mjini haimfikii mnunuzi wa kiwanja kijijini kama hakuna anayeisema wazi siku ya kununua. Hapa ndipo elimu ya uraia inapookoa maisha kuliko saruji.

Kazi ndogo zinazolinda uhai

Nyumba ikisha kusimama, anayehamia shambani hugundua kwamba kazi ndiyo kwanza imeanza. Nitazitaja nne ambazo hufanywa kwa gharama ndogo.

Ya kwanza ni choo. Choo cha shimo huchimbwa upande wa chini wa chanzo cha maji, wala si upande wa juu, kwa sababu uchafu hufuata mteremko chini ya ardhi kama ufuatavyo juu yake. Shimo hufunikwa, na mlango huelekezwa pasipopitwa na watu.

Ya pili ni maji. Milimani chemchemi huwa juu ya kijiji, hivyo bomba likilazwa kwa mteremko huleta maji bila pampu wala umeme. Haya huitwa maji ya mserereko. Hii ni kazi ya kijiji kizima, kwa kuwa bomba hupita katika mashamba ya wengi na hudumu tu pale wanapokubaliana nani atalitengeneza likipasuka. Mwenye bati, kwa upande wake, hufunga mchirizi ukingoni mwa paa na kuyaelekeza maji katika pipa.

Ya tatu ni kunawa mikono. Juni 2019 ugonjwa wa ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda alikuwa mtoto aliyetibiwa katika hospitali ya Bwera. Walio mpakani wanajua kwamba ndoo ya maji na sabuni mlangoni ni ulinzi. Chombo rahisi kuliko vyote huitwa kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa tundu, likaning'inizwa kwa kamba katika miti miwili, na kamba nyingine ikafungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika. Mkono wako haugusi chochote.

Ya nne ni jiko. Moto wa mafiga matatu hula kuni nyingi, na kuni ni mlima unaovuliwa nguo. Jiko banifu la udongo, lenye mlango mmoja wa kuni na mahali pa vyungu viwili, hujengwa kwa udongo uleule wa ukuta. Mwaka 2012 wilaya ya Kasese, ikishirikiana na shirika la WWF, ilianzisha kampeni ya nishati jadidifu, ikihimiza umeme wa jua, gesi ya samadi na majiko ya aina hii. Mti usiokatwa mlimani huzuia udongo usishuke mtoni, na mto usiojaa udongo hauwi mwepesi wa kufurika. Hivyo jiko la mama huyu na usalama wa jirani yake wa bondeni ni habari moja.

Karatasi, saini na mashahidi

Nilikuambia uwakumbuke mashahidi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, yasema kwamba ardhi ni mali ya raia, na yataja njia nne za kuimiliki: ya kimila, ya umiliki wa kudumu, ya mailo na ya kukodi kwa muda. Vijijini Kasese ardhi nyingi ni ya kimila. Umiliki huo ni halali kama wowote mwingine, lakini umehifadhiwa zaidi vichwani mwa watu kuliko katika makaratasi. Watu wanapokimbia au kufa, kumbukumbu hutawanyika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliweka njia ya kuupatia umiliki wa kimila hati yake.

Kwa hiyo, anayenunua kiwanja asitosheke na maneno ya muuzaji. Aitembelee mipaka pamoja na majirani wa pande zote. Apande miti ya mpaka mbele yao. Maafikiano yaandikwe, na viongozi wa halmashauri ya kijiji, ambayo Uganda huitwa LC 1, washuhudie. Tena ahakikishe kwamba mume au mke wa muuzaji amekubali, kwa kuwa sheria hiyo hairuhusu ardhi inayokaliwa na familia iuzwe bila ridhaa ya mwenzi.

Jambo la ridhaa lina mfano mzuri papo hapo milimani. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha Bukonzo Joint, chenye makao Kyarumba, kilijulikana kwa kuwafundisha wanachama kuchora mipango ya familia zao kwa picha, ili hata asiyejua kusoma aone nani hufanya kazi gani na nani humiliki nini. Baada ya michoro hiyo baadhi ya wanandoa waliandikiana makubaliano ya kuimiliki ardhi kwa pamoja. Fikiri: mwanamke aliyebeba maji ya kukandikia, aliyekanyaga udongo na kusiliba ukuta, jina lake sasa limo katika karatasi ya kiwanja kilichobeba ukuta huo.

Neno la kumalizia

Ukihamia shambani kesho, usianze kwa kuuliza bei ya bati. Uliza kwanza maji ya mwaka 2020 yalifika wapi. Uliza nani alikaa hapa kabla ya huyu anayekuuzia, na aliondokaje. Uliza majirani ni akina nani, na ukanyage udongo wao kabla hawajaukanyaga wako. Kisha simamisha nguzo zako.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini paa la nyumba ya fito na udongo huezekwa kabla ya ukuta kukandikwa?
2. Hifadhi za taifa zimelinda nini katika Kasese, na zimebana nini? Toa maoni yako kwa ushahidi.
3. Waulize wazee wa kwenu: nyumba ya kwanza waliyoijenga ilikuwa ya nini, na nani aliwasaidia? Andika majibu yao kwa Kiswahili, ukitumia angalau maneno haya: fito, kukandika, mtambaapanya, upenu, mchirizi.
4. Kijiji chenu kina karatasi gani zinazothibitisha mipaka ya ardhi? Zimehifadhiwa wapi, na majina ya nani yamo ndani yake?